Top Gear, niliyoitazama na mjomba aliyeendesha Land Rover za Newala

Nauza spea za magari Mtwara mjini, Chikongola, mwaka wa kumi na nne sasa. Kutwa nzima mbele yangu ni bushi, bering'i, shokomzoba, feni belti, plagi na gasketi, na watu wanaokuja na kifaa kilichokufa mkononi wakisema, "Dada, nipe kama hiki." Mpwa wangu aliponiletea flashi akaniambia, "Mamdogo, kuna kipindi cha magari cha Waingereza, kitazame uniambie kama wanasema kweli," nilikipokea kama ninavyopokea mzigo mpya dukani. Nafungua boksi, nageuza, napima, ndipo nasema.

Bahati ikawa kwamba siku hizo mjomba alikuwa kwangu. Alitoka Kitangari kuja kutibiwa goti, akakaa wiki tano. Mjomba aliendesha Land Rover za abiria za Newala, Tandahimba na Mtwara tangu mimi sijaanza shule, enzi za mchanga mtupu, watu wamebanana ndani na magunia ya korosho yamefungwa juu ya keria. Kiingereza hakijui. Nilikaa pembeni yake kila usiku baada ya chakula nikimtafsiria palipohitajika, na sehemu nyingi hapakuhitajika, kwa sababu gari likikwama halina lugha.

Kwa anayetaka jibu la haraka: sehemu za safari nazipa tano kwa tano. Za studio nazipa mbili na nusu. Anayetaka sababu aendelee kusoma.

Top Gear ni ya zamani. BBC walianza kuirusha mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilikuwa ya kuwaeleza watu gari lipi lina bei gani na lina faida gani. Ikasimama 2001. Ile ambayo dunia inaijua ilizaliwa 2002, Jeremy Clarkson na mtayarishaji Andy Wilman walipoifufua kwa sura nyingine kabisa. Richard Hammond alikuwemo tangu mwanzo huo, James May akaingia 2003. Hao watatu ndio ninaowazungumzia. Walidumu hadi 2015, Clarkson alipompiga mtayarishaji mmoja wa kipindi na BBC wakakataa kumwongezea mkataba. Wenzake wawili wakaondoka naye. Waliokuja baadaye niliwatazama kidogo. Ni madereva wazuri, lakini kwenye kochi letu hakuna aliyesema "rudisha nyuma tuone tena".

Mjomba hakushika majina yao, akawapa yake. Clarkson, yule mrefu mwenye sauti kubwa, alimwita Bwana Nyundo, kwa kuwa kila kinachoharibika anakiendea na nyundo. May, mwenye nywele ndefu na mwendo wa taratibu, alimwita Fundi, kwa jinsi anavyoshika spana. Hammond, mfupi na mchangamfu, akawa Kijana. Siku ya tatu nami nikawa nayatumia majina hayo, na mpaka sasa mpwa wangu akinipigia simu tunaongea hivyo hivyo.

Tuanze na Hilux, maana ndipo mjomba alipokubali kwamba hawa watu wana jambo.

Ilikuwa 2003. Mwaka huo huo ndipo lilipofunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji na sisi wa kusini tukaachana na kivuko, ndiyo maana naukumbuka. Clarkson alinunua Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1988 kwa pauni 1,000. Ilikuwa imeshatembea maili 190,000, yaani zaidi ya kilomita 300,000. Akasema atajaribu kuiua. Sharti lilikuwa moja: fundi anaruhusiwa kutumia zana za kawaida, lakini haruhusiwi kuweka spea mpya. Wakaishusha kwenye ngazi, wakaigongesha mti, kisha wakaifunga kwa kamba ufukweni, sehemu ambayo maji hujaa kwa nguvu sana. Maji yakaja, kamba ikakatika, gari likachukuliwa. Maji yalipokupwa wakalikuta limefukiwa mchangani. Wakalivuta, fundi akalifungua, akamwaga maji, akahangaika, likawaka.

Hapo mjomba akasema, "Rudisha."

Hakutaka kuona bahari. Alitaka kuona mikono ya fundi. Tukaitazama mara tatu, na ningependa kila mteja wangu aitazame pia, kwa sababu kila masika wananijia watu waliovuka dimbwi lililofika kwenye boneti, gari likazima katikati, nao wakapiga stata papo hapo. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapanda, kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayosukumwa na pistoni, na hapo huhitaji tena spea kutoka kwangu, unahitaji injini nyingine. Yule fundi wa Hilux alifanya kile ambacho mjomba alitufundisha watoto wa nyumba nzima: gari likizama usiliguse swichi, toa maji kwanza. Halafu kuna suala la dizeli. Injini ya dizeli haitegemei cheche. Inabana hewa mpaka ipate moto, mafuta yakipuliziwa yanawaka yenyewe. Ya petroli ya zamani ikinywa maji ya chumvi, plagi, koili na distributa vyote vimepata msiba kwa pamoja. Kama Clarkson angechagua ya petroli siku ile, naamini habari ingeishia ufukweni.

Waliendelea. Wakaidondoshea karavani, ile nyumba ndogo inayovutwa na gari, wakaipiga kwa lile tufe la chuma la kubomolea nyumba, wakaichoma moto. Mwisho wakaipandisha juu ya jengo refu la mita 73 lililokuwa linabomolewa kwa baruti, likaanguka nalo. Wakaifukua kwenye kifusi, chesisi imepinda, fundi akaishika, ikawaka tena. Ilipandishwa kwenye jukwaa la studio ikabaki kama mzee wa heshima.

Mpwa wangu alipiga makofi. Mjomba alinyamaza, kisha akasema kitu ambacho nimekuwa nikikirudia dukani: "Kuanguka ni siku moja. Chumvi ni kila siku. Waiache Mikindani mwaka mzima, ndio waniite."

Nakubaliana naye kabisa, na hapa ndipo ninapokikosoa kipindi kwa moyo wa dhati. Top Gear inajua kuonyesha gari linavyopigwa, haina subira ya kuonyesha gari linavyooza. Magari yanayolala karibu na bahari, kuanzia Shangani mpaka Mikindani, hayafi kwa kishindo. Kutu inaanzia kwenye mikunjo ya sakafu chini ya kapeti, inakula mabano ya springi, inakula mabomba ya breki, na mwenye gari anakuja kwangu kununua breki pedi ya tatu ndani ya mwaka kumbe tatizo ni bomba linalovuja. Hilux ile iliingia baharini, ikatoka, ikawaka. Ningetaka kuiona baada ya miezi sita.

Lakini kilichonifanya nikae niandike haya ni safari ya Botswana, iliyorushwa tarehe 4 Novemba 2007.

Hoja yao ilikuwa hii. Kuna watu wanaishi Surrey, kusini mwa Uingereza, kwenye lami safi, wanasema hawawezi kuishi bila gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne. Basi watangazaji watatu wakaambiwa kila mmoja atafute gari la kawaida, linalovuta kwa magurudumu mawili tu, ambalo halikutengenezwa kwa njia mbovu, kwa bei isiyozidi pauni 1,500, wavuke nalo Botswana kutoka mpaka wa Zimbabwe hadi mpaka wa Namibia, maili 1,000, karibu kilomita 1,600. Clarkson akaja na Lancia Beta Coupé ya 1981. May akaja na Mercedes-Benz 230E ya 1985. Hammond akaja na Opel Kadett ya 1963, kigari kidogo cha kupendeza, akakipa jina la Oliver.

Nilicheka kwa furaha, kwa sababu ubishi huo ndio wetu. Mtumishi akihamishiwa kusini, ndugu zake wanamwambia anunue gari kubwa la sivyo atalala njiani. Na kweli palikuwa na miaka ya kulala njiani. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliwahi kuwaweka abiria wa mabasi ya Dar es Salaam na Mtwara matopeni kwa siku nzima na zaidi kabla ya lami. Lakini walioishi hapa hawakusubiri gari kubwa. Nimeuza klachi pleti nyingi kwa wenye Corolla, Carina na Probox waliokuwa wakipanda Tandahimba kwenye mchanga na kurudi, msimu baada ya msimu, na wengi wao hawajawahi kushika usukani wa gari la magurudumu manne yanayovuta.

Mambo yakaiva walipofika Makgadikgadi. Hilo ni bwawa la chumvi lililokauka, kubwa kuliko macho yanavyoweza kufika, juu gamba jeupe, chini ya gamba tope laini. Gari zito linavunja gamba na kuzama. Clarkson na May wakaanza kuvua: milango, vioo, viti, kila kisichohitajika kwa mwendo. Hammond akakataa kumvua Oliver nguo hata moja, na kigari chake kwa kuwa chepesi tangu kuzaliwa kikapita juu.

Mjomba alisogeza kiti mbele. Akanieleza jinsi walivyokuwa wakipita mchanga mwekundu wa juu Makonde wakati wa jua kali, mchanga umekuwa kama unga. Abiria wote wanashuka. Upepo wa matairi unapunguzwa hadi tairi litandaze miguu. Dereva anaingia gia ya pili kabla ya kufika mchangani, si ndani ya mchanga, na akishaingia haongezi mafuta kwa hasira wala hakanyagi breki, maana tairi likichimba mara moja limejichimbia kaburi. Tingo anakimbia pembeni na matawi ya mkorosho. Kisha wote wanapanda wakiwa wamejaa vumbi. Alikuwa akieleza huku mkono wake wa kushoto unasogeza gia ambayo haipo. Nimeishi naye miaka arobaini na sikuwahi kusikia habari hizo kwa mpangilio ule. Kwa hilo peke yake nawashukuru BBC.

Oliver alizama mtoni. Hammond aliingia kwenye maji yaliyomzidi, ndani kukajaa, kila waya ukalowa. Usiku ule alihangaika naye pamoja na mafundi hadi akawaka. Lancia ya Clarkson nayo ilikuwa inaharibika kila ukigeuka. May na Mercedes yake akaenda kwa mwendo wake. Na nyuma yao wote, safari nzima, lilikuwa linafuata Volkswagen la mgongo wa kobe, adhabu kwa yeyote ambaye gari lake litakufa kabisa. Hakuna aliyelitaka.

Hilo ndilo gari nililolitazama mimi. Halina rejeta, injini yake inapozwa kwa hewa, kwa hiyo halichemshi maji kwa kuwa halina maji ya kuchemsha. Injini imekaa nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, uzito uko pale pale unapohitajika mchangani. Chini ni bapa, linateleza juu ya tuta badala ya kunasa. Lilifuata kimya kimya Botswana nzima. Kama kuna mtu atatazama sehemu hiyo na kuondoka na jambo moja kuhusu ufundi, aondoke na hilo gari, ingawa kamera hazikulijali.

Na kamera zenyewe zilipitaje? Wapiga picha walikuwa nao kwenye chumvi na kwenye mto, na magari yaliyowabeba hatuonyeshwi. Mimi ningependa kuyaona. Ukweli wa safari ni pamoja na jeki, dumu la maji na mtu wa pili mwenye kamba.

Sehemu za studio nazipitia upesi. Zilipigwa Dunsfold, uwanja wa ndege wa zamani huko Surrey, na kazi kubwa ni magari ya bei isiyosemeka kuzunguka pale pale. Mwaka 2010 May aliendesha Bugatti Veyron Super Sport hadi kilomita 417 kwa saa kwenye uwanja wa majaribio wa Volkswagen huko Ujerumani. Mjomba akauliza, "Amebeba nini?" Nikamwambia hajabeba kitu. Akaenda kuswali. Kilichompendeza pale ni wawili tu: Suzuki Liana, kigari cha kawaida ambacho watu maarufu walipewa wapimwe muda wao, hivyo mwenye fedha na jina anaonekana alivyo hasa akishika usukani, na yule dereva mweupe kutoka kofia hadi viatu, aitwaye Stig, ambaye haonyeshi uso na hasemi neno. "Huyo ni dereva," alisema mjomba. Yeye mwenyewe alikuwa hapendi kuongeleshwa akiwa barabarani.

Kuna jambo la matairi ambalo siwezi kuliruka. Tarehe 20 Septemba 2006, Hammond alikuwa akiendesha gari la injini ya jeti kwenye uwanja wa Elvington, karibu na York. Kwenye kasi ya karibu kilomita 463 kwa saa tairi la mbele la kulia likapasuka, gari likapinduka, akaumia ubongo. Alipona na kurudi kazini. Nilisimamisha picha nikamwambia mpwa wangu aangalie tena pale tairi linapoachia. Yeye ana bodaboda, na wiki ile alikuwa anataka kununua tairi la mtumba lenye kashata nzuri, yaani meno yake bado yamesimama. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na likawa limeshakufa. Pembeni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na jua la huku halimwonei huruma mtu. Hakulinunua.

Tukiwa bado kwenye pikipiki: safari ya Vietnam ya 2008 ni nzuri sana kwa waendesha bodaboda. Watatu hao walipewa maboksi ya fedha za kule wakadhani wametajirika, wakaenda kuuliza bei ya magari, wakakuta hazifui dafu. Clarkson, ambaye pikipiki hakuwa anaijua wala kuipenda, akaishia na Vespa, May na Honda Super Cub, Hammond na Minsk. Nchi ile inaenda kwa pikipiki kama sisi. Tuliona mizigo inavyofungwa nyuma, na mpwa wangu alitazama mafundo ya kamba kuliko alivyotazama watangazaji.

Sasa nije kwa mtu aliyenigusa mimi binafsi. Anaitwa Sabine Schmitz, Mjerumani, alikulia karibu na Nürburgring, barabara ya mashindano yenye kilomita zaidi ya 20 na kona zisizohesabika. Mashindano ya saa 24 ya pale aliyashinda na timu yake mara mbili, 1996 na 1997. Clarkson alikwenda kule na Jaguar ya dizeli, akahangaika mpaka akapata dakika 9 na sekunde 59, akafurahi sana. Sabine akamwambia muda huo anaweza kuupata kwa gari la mizigo. Na akarudi kweli na Ford Transit, gari la kubebea vifurushi, refu na pana, lisilo na umbo la kukimbia. Akawa analikata kwenye kona huku anaongea na kucheka, mwili mzima wa gari unainama. Alipata dakika 10 na sekunde 8. Sekunde tisa tu zilimwangusha, na gari lilikuwa la mizigo!

Katika kaunta yangu, mpaka leo, anaingia mteja mpya, ananitazama, anauliza, "Mwenye duka yuko wapi?" Namwambia ni mimi, anauliza tena fundi yuko wapi. Kwa hiyo Sabine nilimtazama nikiwa nimesimama. Alikuja kuwa mmoja wa watangazaji kipindi kilipobadilisha watu mwaka 2016, akafariki Machi 2021. Miaka yote ya wale watatu hapakuwa na mwanamke kati ya watangazaji wenyewe, na kila aliyepita kama mgeni alionyesha walivyokuwa wanapoteza. Hilo ni doa, nalisema wazi.

Doa jingine ni midomo. Mwaka 2011 waliwasema watu wa Meksiko maneno ya dharau hadi BBC wakaomba radhi. Utani tunaujua sisi. Mmakonde ana watani wake, na watani wanaambiana mambo mazito hata msibani, lakini utani una udugu ndani yake na una zamu: ukinitania leo, kesho nakutania. Kumtania mtu aliye mbali ambaye hana zamu ya kujibu, huko ni kumtukana. Sehemu hizo nilizisogeza mbele, na kama unatazama na watoto wanaojua Kiingereza, kuwa karibu na rimoti.

Walifika pia kwetu. Machi 2013 ilirushwa safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, kwa wiki mbili mfululizo. Walianzia Uganda, wakapita Rwanda, wakaingia Tanzania hadi Serengeti, safari hii na magari ya buti refu kama Probox: Clarkson na BMW 528i, May na Volvo 850 R, Hammond na Subaru Impreza. Picha ni nzuri, na Subaru ile ilivyokuwa inaachia vipande njiani, mjomba alikuwa anataja jina la kila kipande kabla hakijadondoka. Lakini nilisubiri kitu kimoja sikukiona. Nilisubiri yule fundi wa kando ya barabara, mwenye mashine ya kuchomelea na turubai, ambaye springi ikikatika saa nane mchana anakutoa saa tisa unusu. Nchi nzima inatembea kwa sababu yake. Wamepita kwake, hawakumpa hata dakika.

Vivyo hivyo Msumbiji. Hiyo si Top Gear tena, ni The Grand Tour, kipindi ambacho watatu hao walikifanya kwa Amazon kuanzia 2016 hadi 2024, lakini mkono ni ule ule. Walitoka pwani ya Maputo wakijaribu kupeleka samaki hadi kijiji cha bara, Clarkson na pikapu ya Nissan, May na Mercedes ya zamani ya buti refu, Hammond na pikipiki. Hammond alikuwa anaanguka kwenye tope kila mara, na samaki naye. Hapa sote watatu tulikuwa tunapiga kelele kwenye kioo. Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanafanya kazi hiyo kila siku, na sisi vile vile. Mchuuzi wa hapa anaondoka Feri alfajiri na tenga nyuma ya pikipiki, amelifunga kwa mpira wa tyubu mara nne, mzigo umekaa chini na katikati ili usukani usipepee. Wa karibu anapeleka wabichi na barafu. Wa mbali anawakaanga au kuwabanika kwanza, au anabeba ng'onda, samaki aliyekaushwa, ambaye hata ukilala njiani siku mbili hana tatizo. Kama wangemuuliza mchuuzi mmoja tu, safari ingekuwa nyingine, na nadhani ingekuwa nzuri zaidi.

Kwa anayetaka kuanza, asianze na sehemu ya kwanza kufuata mpangilio, atachoka. Aanze na Hilux, ni sehemu mbili zinazofuatana za 2003. Kisha Botswana. Kisha Vietnam. Kisha Bolivia ya 2009, ambako kuna barabara ya Yungas, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa tupu. Mtu aliyewahi kushuka Newala akiwa amekaa dirishani upande wa bonde ataielewa kwa tumbo lake. Vipande vingi vinapatikana YouTube, lakini kwa bando la simu ni bora upate zima kwenye flashi. Nilizopata mimi hazina tafsiri ya Kiswahili. Ukiwa na mzee aliyewahi kuendesha, mweke karibu, tafsiri utaipata.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi Kitangari, mjomba aliomba tuirudie Botswana. Tulipofika mwisho nikamweleza kwamba Hammond alishindwa kuachana na Oliver, akamsafirisha kwa meli hadi Uingereza, na kwamba siku hizi ana karakana yake ya kukarabati magari ya zamani. Alikaa kimya kidogo.

"Opel ya sitini na tatu," akasema. "Gasketi ya silinda hedi anaipata wapi?"

Nikamwambia kule kuna watu wanazichonga upya moja moja.

"Waulize kama wanazo za Land Rover 109," akasema, akaomba nimzimie taa.